Programu Huria na Chumba cha Kompyuta cha Shule

Shule inapopata kompyuta ishirini, aghalabu jambo hilo husherehekewa kana kwamba safari imekwisha. Hotuba hutolewa, mashine hupangwa juu ya meza, na mlango hutiwa kufuli madhubuti. Lakini si ajabu, baada ya mwaka mmoja au miwili, kukuta kwamba baadhi ya mashine haziwaki, nyingine zimejaa virusi, nyingine zinadai leseni iliyokwisha muda wake, na chache zilizosalia hutumika ofisini kuchapa mitihani. Wanafunzi hurudi kujifunza kompyuta ubaoni, kwa chaki.

Chanzo cha hali hiyo ni kwamba bei ya kununulia mashine ni sehemu moja tu ya gharama ya chumba cha kompyuta. Nyuma yake kuna umeme, matengenezo, vipuri, mafunzo ya walimu, na programu, yaani maagizo yanayoiwezesha mashine kufanya kazi. Programu hazionekani kwa macho, na kwa hiyo husahauliwa katika makisio ya shule. Hata hivyo, ndizo mara nyingi zinazoamua kama mashine itaendelea kutumika au itatupwa.

Mfano ulio karibu ni wa mwaka 2025. Tarehe 14 Oktoba ya mwaka huo, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa kwa wale waliojiunga na mpango maalumu wa muda. Toleo lililofuata, Windows 11, linadai kichakataji cha miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazitimizi masharti hayo. Mashine hizo hazikuharibika. Kioo chake kinang'aa na baobonye lake linafanya kazi, lakini zilihesabiwa kuwa zimezeeka kwa uamuzi uliofanywa mbali sana na shule inayozitumia.

Makala haya yanaeleza njia nyingine, ambayo ni kuendesha chumba cha kompyuta kwa programu huria. Njia hiyo imejaribiwa katika nchi kadhaa kwa zaidi ya miaka ishirini, na manufaa yake yanajulikana. Masharti yake yanajulikana pia, nayo hayatajwi sana.

HURU NA BURE

Programu huandikwa kwanza katika lugha ambayo mtaalamu huweza kuisoma. Maandiko hayo ya asili huitwa msimbo chanzo. Baadaye hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo mashine huzifuata lakini binadamu hawezi kuzisoma kwa urahisi. Kampuni nyingi huuza tarakimu hizo tu na kuficha msimbo chanzo. Mnunuzi hupewa ruhusa ya kutumia, wala hapewi ruhusa ya kuchunguza, kurekebisha, au kumnakilia jirani.

Mwezi Septemba 1983, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, alitangaza mradi wa kuandika mfumo mzima wa programu ambao kila mtu angeweza kuusoma na kuugawa. Mradi huo aliuita GNU. Mwaka 1989 ilitolewa leseni yake mashuhuri, GPL, ambayo humpa mtumiaji haki nne: kuitumia programu kwa shughuli yoyote, kuchunguza jinsi inavyofanya kazi na kuibadilisha, kugawa nakala zake, na kugawa nakala alizozirekebisha mwenyewe. Sharti lake kubwa ni moja. Anayeigawa programu hiyo hana budi kuwaachia wengine haki zilezile alizopewa yeye.

Mwezi Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland aliyekuwa na umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu inayounganisha programu na mitambo ya kompyuta. Mwaka uliofuata alikiweka kiini hicho, Linux, chini ya leseni ya GPL. Kazi ya watu hawa wawili na maelfu waliowafuata ndiyo msingi wa mifumo inayotumika leo katika seva nyingi duniani. Miongoni mwa mifumo hiyo ni Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, na Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 kwa gharama za mfanyabiashara wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth.

Waingereza na Wamarekani wamepata taabu kubwa kueleza jambo hili, kwa kuwa lugha yao hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiye mtumwa. Kiswahili hakina taabu hiyo. Bure ni bure, na huru ni huru. Programu inaweza kutolewa bure na bado ikamfunga mtumiaji. Nayo programu huria inaweza kuuzwa, mradi mnunuzi apewe haki zake. Kwa shule yenye fedha kidogo, neno la kwanza huvutia zaidi. Lakini kama itakavyoonekana, linalodumisha chumba cha kompyuta ni neno la pili.

SEVA MOJA, VITI ISHIRINI

Katika chumba cha kawaida, kila kompyuta hujitegemea. Kila moja ina diski yake, mfumo endeshi wake, programu zake na virusi vyake. Mwalimu anayetaka kuweka programu mpya hulazimika kuirudia kazi hiyo mara ishirini. Mwanafunzi aliyehifadhi kazi yake katika mashine ya tatu hawezi kuipata akikaa kwenye mashine ya tisa.

Mwaka 1999 ulianzishwa mradi huria uitwao LTSP, uliobadili mpangilio huo. Katika mpangilio wa LTSP, kompyuta moja yenye nguvu huwekwa kuwa seva, na nyingine zote huwa vituo vinavyoitegemea. Kituo hakihitaji kuwa na diski. Hata mashine ambayo diski yake imekufa huweza kutumika, mradi kadi yake ya mtandao ni nzima.

Utaratibu wake ni huu. Kituo kinapowashwa, kadi ya mtandao hupeleka ujumbe katika waya ikiuliza kama kuna seva. Seva hujibu kwa kukipa kituo anwani, kisha hukipelekea kiini cha Linux. Kiini kikishaingia katika kumbukumbu ya kituo, huanza kusoma mfumo uliobaki kutoka kwenye seva kupitia waya uleule, kana kwamba diski ya seva imo ndani ya kituo. Sehemu zinazohitajika tu ndizo zinazosomwa, na kwa hiyo waya haulemewi. Mwanafunzi huandika jina lake na neno lake la siri, na kazi zake humtokea popote alipokaa, kwa kuwa zimehifadhiwa kwenye seva.

Zipo namna mbili za kugawana kazi kati ya seva na kituo. Katika namna ya kwanza, seva hufanya hesabu zote, na kituo huonyesha picha tu na kupokea herufi zinazopigwa. Vituo vya namna hii huweza kuwa dhaifu kabisa, lakini seva huhitaji kumbukumbu kubwa, hasa siku hizi ambapo kivinjari kimoja cha intaneti hutumia kumbukumbu nyingi kuliko programu zote za zamani kwa pamoja. Katika namna ya pili, mfumo hutoka kwenye seva lakini hesabu hufanywa na kichakataji cha kituo chenyewe. Namna hii ndiyo inayotumika zaidi sasa. Kituo chenye kumbukumbu ya GB 2 huweza kuanza, na chenye GB 4 hufanya kazi bila kusuasua.

Faida ya mpangilio huu kwa shule ni kubwa. Programu ikiwekwa mara moja kwenye seva, imewekwa katika vituo vyote. Mwanafunzi akivuruga mipangilio ya kituo, kituo huzimwa na kuwashwa upya, nacho hurudi kikiwa safi, maana mfumo unaosomwa kutoka kwenye seva haukubali kuandikwa juu yake. Virusi vinavyosafiri katika diski mweko za wanafunzi, ambavyo vingi vimeandikwa kwa ajili ya Windows, havipati mahali pa kushika. Hii haina maana kwamba mfumo wa Linux hauwezi kushambuliwa kabisa. Maana yake ni kwamba maradhi ya kila siku ya vyumba vya kompyuta vya shule hupungua mno.

Ipo pia faida ya vifaa vya kulinda umeme. Katika chumba cha kawaida kila mashine huhitaji betri yake ya tahadhari ili diski isiharibike umeme unapokatika ghafla. Katika mpangilio wa LTSP, betri moja inayolinda seva na swichi ya mtandao hutosha kulinda mafaili yote. Kituo kikizimika, mwanafunzi hupoteza tu yale ambayo hajayahifadhi.

Mwalimu naye hakusahauliwa. Programu huria iitwayo Epoptes humwezesha kuona katika kioo chake kile kinachofanyika katika vituo vyote, kumsaidia mwanafunzi aliyekwama bila kutoka kitini, au kufunga vioo vyote kwa muda anapotaka kusikilizwa.

HESABU YA UMEME

Gharama inayoua vyumba vingi vya kompyuta ni umeme, na katika shule zisizofikiwa na gridi ya taifa, umeme ndilo swali la kwanza. Hesabu fupi itasaidia.

Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na kioo chake huweza kutumia wati 120. Mashine ishirini za namna hiyo hutumia wati 2,400. Zikiwashwa saa tano kwa siku, zinakula uniti 12 za umeme kila siku.

Sasa zichukuliwe kompyuta ndogo za aina ya Raspberry Pi. Kompyuta hii, iliyobuniwa Uingereza kwa ajili ya elimu na kuanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa bei ya dola 35, ina ukubwa unaokaribia ule wa kadi ya benki, na huendeshwa kwa mfumo uliotokana na Debian. Bei ya aina zenye kumbukumbu kubwa imepanda tangu hapo, lakini matumizi yake ya umeme yamebaki madogo, takriban wati 5. Ikiunganishwa na kioo cha kisasa cha wati 20, kituo kizima hutumia wati 25. Vituo ishirini hutumia wati 500, na seva ikiongezwa kwa wati 100, jumla ni wati 600. Kwa saa tano, hizo ni uniti 3.

Tofauti ya uniti 12 na uniti 3 ni zaidi ya kupunguza ankara. Paneli za jua na betri za kutoa uniti 3 kwa siku ni robo ya zile zinazohitajika kutoa uniti 12, na betri ndizo sehemu ghali katika mtambo wa jua, tena huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Kwa shule nyingi, robo hiyo ndiyo inayotenganisha jambo linalowezekana na ndoto. Katika Tanzania, shirika la Powering Potential lilifuata njia hii katika wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, ambako shule za sekondari zilipewa kompyuta za Raspberry Pi zinazoendeshwa kwa nguvu ya jua, zikiwa zimejazwa masomo yasiyohitaji intaneti.

MAKTABA NDANI YA SEVA

Hoja hii ya masomo yasiyohitaji intaneti yafaa kuelezwa zaidi, kwa kuwa wengi hudhani kwamba kompyuta isiyo na intaneti haina faida. Seva ya shule huweza kubeba maktaba nzima ndani ya diski yake, na wanafunzi wakaisoma kupitia waya za chumba bila kulipia hata senti moja ya data.

Programu ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, hukusanya kamusi elezo ya Wikipedia katika faili moja lililobanwa. Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha zake huchukua takriban GB 100, kiasi ambacho diski ya kawaida hukibeba bila shida. Ile ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali. Programu ya Kolibri, iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality, hugawa masomo ya video na mazoezi ya hisabati na sayansi, na humwonyesha mwalimu ni mwanafunzi yupi aliyekwama na katika zoezi lipi. Mtu mmoja huweza kwenda mjini mara moja kwa muhula, akapakua masomo mapya katika diski ya nje, akarudi nayo shuleni.

Kwa kazi za darasani zipo LibreOffice, yenye programu za kuandikia barua, lahajedwali na michoro. Stellarium, inayoonyesha anga la usiku kama linavyoonekana kutoka mahali popote duniani, ili mwalimu wa jiografia aeleze mwendo wa sayari mchana kweupe. Na lugha ya Python, ambayo mwanafunzi wa sekondari huweza kujifunzia misingi ya kuandika programu. Zote hizi hunakiliwa kwa ridhaa kamili ya waliozitunga. Jambo hilo lina uzito wake wa kimaadili. Shule inayowafunza vijana uadilifu, kisha ikawakalisha mbele ya programu zilizoibwa, inawafunza masomo mawili yanayopingana.

LUGHA YA MASHINE

Haki ya kurekebisha programu ilionekana waziwazi mjini Dar es Salaam. Chini ya mradi ulioitwa Kilinux, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu wa Sweden, ilitafsiri kwa Kiswahili programu ya ofisi ya OpenOffice, na mwishoni mwa mwaka 2004 toleo hilo lilitolewa kwa jina la Jambo OpenOffice. Watafsiri hawakulazimika kuiomba kampuni yoyote ruhusa, wala kungoja kampuni ione kama soko la Kiswahili lina faida. Leseni ilikwisha kuwaruhusu.

Kazi hiyo iliwakabili watafsiri na maswali ambayo wanaisimu wanayajua vizuri: ni wakati gani neno la kigeni litoholewe, na ni wakati gani neno la zamani lipewe maana mpya? Maneno kama faili, kabrasha, hariri na hifadhi yalipaswa kukaa pamoja katika kioo kimoja na kueleweka na mtu ambaye hajawahi kugusa kipanya. Lakini programu ni kitu kinachokua. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, na tafsiri isiyoendelezwa huachwa nyuma hadi mtumiaji akaona nusu ya menyu kwa Kiswahili na nusu kwa Kiingereza. Haki ya kutafsiri hutolewa mara moja. Kazi ya kutafsiri haina mwisho.

MAFUNZO KUTOKA KWINGINE

Nchini Afrika Kusini, kuanzia mwaka 2002, Shuttleworth Foundation iliendesha mpango ulioitwa tuXlabs, uliofunga vyumba vya kompyuta katika shule zaidi ya mia moja kwa kutumia LTSP na mashine zilizokwisha kutumika. Jambo la kuzingatia ni utaratibu wake. Shule ndiyo iliyotakiwa kuomba na kutayarisha chumba chake, na walimu wake walishiriki pamoja na watu wa kujitolea katika kutandika waya na kusimika seva. Mwalimu aliyeuvuta waya kwa mikono yake anajua mahali pa kutafuta waya huo unapokatika.

Mfano mkubwa zaidi umetoka katika jimbo la Kerala, kusini mwa India. Mwaka 2001 jimbo hilo lilianzisha mpango wa IT@School. Hapo mwanzo masomo yalijengwa juu ya programu za kampuni moja, jambo lililozusha ubishi mkali, ambao walimu walikuwa mstari wa mbele ndani yake. Katika miaka iliyofuata shule za serikali zilihamia kwenye mfumo huria uliotayarishwa jimboni humo. Mwaka 2019 mamlaka inayosimamia kazi hiyo, KITE, ilitangaza toleo jipya lililotokana na Ubuntu kwa ajili ya kompyuta zaidi ya 200,000 za shule, na ilikadiria kwamba jimbo lilikuwa likiokoa rupia bilioni 30 kwa kutolipia leseni.

Kiasi hicho cha fedha kimetajwa mara nyingi katika magazeti. Kilichotajwa kwa nadra ni mambo yaliyokitangulia. Walimu walifundishwa kwa wingi. Kila shule iliteua mwalimu wa kuratibu kompyuta. Vitabu vya kiada viliandikwa upya kulingana na programu zilizokuwamo katika mashine. Tangu mwaka 2018, vilabu vya wanafunzi viitwavyo Little KITEs vimewafunza vijana wenyewe kutunza vifaa na kuwasaidia wenzao. Kerala ilifaulu kwa sababu iliwekeza katika watu kwa miaka mingi, na programu huria zikawapa watu hao kitu cha kufanyia kazi.

RAHISI NI GHALI

Wahenga walisema rahisi ni ghali, na msemo huo unawahusu wale wanaodhani kwamba programu isiyolipiwa haina gharama. Mpangilio wa seva moja una udhaifu ulio dhahiri: seva ikiharibika, chumba kizima husimama. Kwa sababu hiyo seva haina budi kuwa na diski mbili zinazoandika mambo yaleyale, na nakala ya mfumo wake haina budi kuhifadhiwa katika diski ya nje, mahali pengine pasipokuwa chumba hichohicho.

Tena, si kila mashine ya zamani inayofaa kuokolewa. Toleo la 13 la Debian, lililotolewa Agosti 2025, halisimikwi tena katika mashine za biti 32. Shule inayopewa mashine za msaada inapaswa kuuliza umri wake kabla ya kuzipokea, la sivyo inakuwa jalala la taka za watu wengine. Yapo pia matatizo ya vichapishi na vifaa ambavyo watengenezaji wake hawakutoa maelezo ya kuviunganisha na Linux. Na baadhi ya waajiri na mitihani bado hutaja majina ya programu za kampuni fulani. Dawa ya hili la mwisho imo katika mitaala. Mwanafunzi aliyefundishwa lahajedwali ni nini, na fomula hufanya kazi vipi, huhama kutoka programu moja kwenda nyingine kwa siku chache. Aliyekaririshwa mahali pa kubonyeza hupotea kila toleo linapobadilika.

Lakini upungufu mkubwa kuliko yote ni ule wa mtu mwenye ujuzi. Historia ya Tanzania ina funzo juu ya jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya matatizo makubwa ya uendeshaji, katika wakati ambapo utaalamu ulitegemea wageni na wazawa wenye ujuzi walikuwa wachache mno. Marufuku hiyo ililegezwa polepole baadaye. Mashine zilikuwapo, na programu zilikuwapo. Kilichokosekana ni maarifa yaliyo mikononi mwa wenyeji.

Programu huria hazitibu upungufu huo zenyewe. Chumba kilichosimikwa na mgeni aliyekuja kwa wiki mbili na kuondoka na neno la siri la seva kinaitegemea huruma ya mgeni huyo, hata kama kila programu ndani yake ina leseni ya GPL. Haki ya kusoma msimbo chanzo haina faida mahali ambapo hakuna msomaji. Kilicho tofauti ni kwamba programu huria hazimzuii mtu anayetaka kujifunza. Mwanafunzi mdadisi wa Newala au Kibondo huweza kuufungua mfumo uleule unaoendesha seva za vyuo vikuu, akauvunja, akautengeneza, na kuuvunja tena, wala hakuna sheria anayoikiuka. Fundi hupatikana kwa njia hiyo.

YALIYO MUHIMU KWA SHULE

Shule inayotaka kuifuata njia hii yafaa ianze kidogo. Seva moja na vituo vitano vinavyofanya kazi kila siku ni bora kuliko vituo thelathini vinavyofanya kazi siku ya mgeni rasmi. Walimu wawili wateuliwe, si mmoja, kwa kuwa mmoja anaweza kuhamishwa. Nao wateue wanafunzi wa madarasa mbalimbali, ili wale wa kidato cha nne wanapomaliza, wa kidato cha pili wawe wamekwisha kurithi kazi. Neno la siri la seva liandikwe na kutunzwa na mkuu wa shule katika bahasha iliyofungwa.

Daftari liwekwe chumbani, na ndani yake iandikwe kila hitilafu, tarehe yake, na namna ilivyorekebishwa. Daftari hilo, baada ya miaka mitatu, litakuwa kitabu cha ufundi kilicho bora kwa chumba hicho kuliko chochote kinachoweza kununuliwa. Hali kadhalika, nakala za programu zote zinazohitajika zihifadhiwe ndani ya seva, ili mashine isimikwe upya bila kutegemea intaneti. Shule za kata moja au wilaya moja zitumie mfumo wa aina moja, ili fundi wa shule moja awafae jirani zake na kipuri cha shule moja kiokoe nyingine.

Mwisho, fedha ambazo shule ingelipia leseni zisihesabiwe kuwa zimebaki. Zitengwe katika makisio ya kila mwaka, chini ya fungu la mafunzo na vipuri. Shule inayoziokoa fedha hizo na kuzitumia kwingine itakuwa imepata programu za bure, na baada ya miaka michache itakuwa na chumba cha mashine zilizokufa. Ile inayozitumia kumsomesha mwalimu na kumnunulia bisibisi, waya na diski ya akiba itakuwa na chumba ambacho mfadhili akiondoka kinabaki, na mtengenezaji akibadili mawazo kinaendelea kuwaka.